Wajir: amani iliyoanzia sokoni, na pale ilipokwama

Kila panapozungumzwa kamati za amani nchini Kenya, Wajir hutajwa. Mara nyingi kisa chake husimuliwa kwa pumzi moja: akina mama walisimama, wazee wakapatana, vita vikaisha. Anayetaka kuiga hapati kitu hapo. Wajir ilituliza vita vyake kati ya 1993 na 1995 kwa hatua zilizofuatana, kila hatua ikiifungulia njia inayofuata. Baada ya mapatano ikabaki kazi ya kulikimbilia tukio la kwanza kabla halijazaa la pili. Wizi, damu na malisho viliingia katika utaratibu huo. Kura na mipaka ya majimbo havikuingia, na ndivyo vilivyorudisha moto baadaye.

Moto ulivyowaka

Wajir iko kaskazini mashariki mwa Kenya, ardhi kavu ya zaidi ya kilomita za mraba 55,000 isiyo na mto hata mmoja wa kudumu. Watu wake wengi ni Wasomali wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Koo tatu kubwa ni Ajuran, walio zaidi kaskazini na magharibi. Degodia, walioenea magharibi, katikati na mashariki. Na Ogaden, walio kusini. Pembeni yao zipo koo ndogo ambazo katika takwimu hazionekani sana, lakini katika kisa hiki ndizo zilizobeba mzigo mzito.

Serikali ya kikoloni iliwagawia watu hawa malisho kwa koo na kuchora mistari isiyovukwa bila kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, vya waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, na sheria za hali ya hatari zikaendelea kutawala eneo hilo hadi 1991. Februari 1984, katika operesheni ya kunyang'anya silaha iliyofuatia ugomvi wa Ajuran na Degodia, wanaume wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla wakazuiliwa siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilisema mwanzoni kwamba waliokufa ni 57. Manusura na jamii yao hawajawahi kuikubali hesabu hiyo, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013 nayo iliona kwamba idadi ilikuwa kubwa mno kuliko hiyo. Wagalla lazima itajwe hapa, kwa sababu inaeleza kwa nini mwaka 1992 hakuna mwananchi aliyemkimbilia askari kupata ulinzi. Kila ukoo ulikuwa umeamua kujilinda wenyewe.

Kisha mambo matatu yakaangukia kipindi kimoja. Serikali ya Somalia ilisambaratika mwaka 1991, bunduki na wakimbizi wakavuka mpaka. Ukame wa 1991 na 1992 ukaua mifugo kwa wingi, na mfugaji aliyepoteza kundi lake alikuwa na njia chache za kulijenga upya, mojawapo ikiwa kuvamia la mwenzake. Desemba 1992 ukaja uchaguzi wa vyama vingi, na kiti cha Wajir Magharibi ambacho Ajuran walikihesabu kuwa chao kikachukuliwa na Degodia.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini kiti kimoja cha ubunge kiue watu. Mbunge wa enzi hizo alikuwa na sauti katika nani awe chifu, lokesheni mpya (eneo dogo la utawala chini ya chifu) ichorwe wapi, kisima cha mashine kichimbwe kwa nani, na majina ya nani yaingie kwenye orodha ya chakula cha msaada. Lokesheni ikishapewa jina na chifu wa ukoo fulani, malisho yanayoizunguka huanza kuhesabiwa kuwa mali ya ukoo huo. Kwa hiyo kupoteza kiti kulimaanisha kupoteza maji, polepole lakini kwa hakika. Mapigano yalienea kutoka Ajuran na Degodia hadi yakawagusa Ogaden, na kufikia 1995 waliouawa walikadiriwa kuwa zaidi ya 1,000.

Kwa nini soko

Mwaka 1993 vita viliingia sokoni mjini Wajir. Wanawake wa ukoo mmoja walikataa kuwauzia wa ukoo mwingine au kununua kwao, na ugomvi ukawa wa mikono. Hilo lilikuwa pigo la aina yake. Ng'ombe wakichukuliwa porini, mji huendelea kula. Soko likigawanyika, mama anayeuza maziwa hana wa kumuuzia, na hana senti ya kununua sukari na unga jioni.

Kundi dogo la wanawake wa mjini, watumishi wa umma, walimu na wahudumu wa afya, wa koo mbalimbali, lilikuwa limeshaanza kuzungumza juu ya hali hiyo. Miongoni mwao alikuwamo Dekha Ibrahim Abdi, ambaye baadaye, mwaka 2007, alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood kwa kazi hii. Walianza kwa wauzaji wenyewe. Wakawaita akina mama wa sokoni wa koo zote, wakakubaliana sharti moja: mwanamke wa ukoo wowote atauza na kununua bila kubaguliwa. Kisha ikaundwa kamati ya kulisimamia soko, yenye watu wa koo mbalimbali, ya kutazama kama sharti linafuatwa na kupokea malalamiko.

Ubora wa hatua hiyo huonekana ukiitazama kwa karibu. Sharti lilikuwa dogo na la kuonekana kwa macho: kabla ya adhuhuri kila mtu anajua kama leo limevunjwa au la. Walinzi wake walikuwa wale wale wanaoshinda sokoni, si wageni wanaokuja mara moja kwa mwezi. Halikumwomba mtu yeyote asamehe damu ya ndugu yake, jambo ambalo mwaka ule hakuna ambaye angeliweza. Na lilimpa kila mama sababu ya tumbo lake mwenyewe ya kulitii.

Nafasi ya mwanamke katika ukoo wa Kisomali ilisaidia pia. Wanawake wengi huolewa nje ya ukoo waliozaliwa. Mama wa namna hiyo ana kaka upande mmoja na wana upande wa pili, na katika vita hupoteza pote pawili. Lakini ana njia ya kupita ambayo mwanamume hana. Tena neno lake linauma: shairi la mwanamke linaweza kumpeleka mwanamume kulipa kisasi, na likikatazwa, msukumo mmoja mkubwa wa vita hupungua. Akina mama wa Wajir walilijua hilo na wakaanza na ndimi zao wenyewe.

Wazee, na mlango wa ukoo mdogo

Soko lilituliza mji. Bunduki zilikuwa porini, na aliyeweza kuzinyamazisha alikuwa mzee. Hapa kulikuwa na kikwazo: mzee wa Degodia akiitisha kikao, Ajuran haji, wa Ajuran akiitisha, Degodia na Ogaden hawaji. Akina mama wakawaendea wazee wa koo ndogo, wasio na damu ya kudai wala ya kudaiwa kwa upande wowote, na kuwaomba wao ndio waite.

Ndiyo hatua inayorukwa zaidi na wanaoiga kisa hiki. Shirika huja na ukumbi, chakula cha mchana na mwezeshaji kutoka Nairobi, halafu hushangaa pande mbili zinapokaa kila moja na ukuta wake. Katika mila ya Wasomali mwitaji wa kikao ni sehemu ya kikao. Akiwa na damu mikononi, au akionekana anafaidika na matokeo, maneno yote yatakayosemwa hapo hayana uzito hata yakiandikwa na kupigwa muhuri. Koo ndogo zilikuwa na sifa nyingine: ziliumia na vita bila kuvianzisha, kwa hiyo zilipoomba kusimama hazikuonekana kuomba kwa ajili ya upande.

Tarehe 29 Septemba 1993 wazee wa koo walitoa tamko linalojulikana kama Tamko la Al-Fatah. Liliweka misingi ya kurudi kwenye amani na ya namna ya kushughulikia tukio likitokea tena. Hapo lazima pasemwe wazi: tamko ni la wazee. Akina mama waliofungua mlango hawakuwa ndio wenye neno la mwisho ndani, na walilikubali hilo kwa hesabu. Tamko lenye majina ya wanawake lisingefuatwa porini mwaka ule. Uamuzi huo ulifanikisha mapatano, na uliacha deni litakalotajwa mbele.

Baada ya wazee likaundwa kundi la vijana wa amani, wakazunguka wilaya kuzungumza na wenzao waliokuwa wameshika silaha. Wafanyabiashara waliendewa kwa lugha yao: lori halipiti barabara inayowaka. Mashekhe wakaingia kwa uzito wa dini, kwa sababu pande zote ni Waislamu na aya moja husikika kote bila kuulizwa ukoo wa msomaji. Kila kundi lilikuwa na jukwaa lake kabla ya kuunganishwa, na hiyo ilikuwa busara. Kijana hasemi mbele ya mzee yale anayoyasema mbele ya vijana wenzake.

Saa za kwanza baada ya tukio

Tamko lolote hujaribiwa na mtu mmoja anayevamia zizi wiki mbili baada ya saini. Wajir walilijua hilo wakaunda vikosi vya kukimbilia tukio. Ndani yake walikuwamo wazee, mashekhe, wanawake na vijana pamoja na maafisa wa usalama, na kazi yao ilikuwa kufika mahali kabla ya kisasi.

Chukua tukio la kawaida: ngamia wameibwa usiku na mchungaji mmoja ameuawa. Zipo saa chache tu kabla ndugu zake hawajajikusanya. Mambo ya kufanywa yana mpangilio wake, na ukiuvuruga unaharibu kila kitu. Kwanza ni kufika kwa waliofiwa, si kwa washukiwa. Mzee wa ukoo unaoshukiwa anapokwenda mwenyewe kuwapa pole wafiwa, mazishi hayageuki mkutano wa vita. Pili ni kuzima uvumi: kutaja hadharani kilichojulikana na kisichojulikana. Baina ya mtu mmoja aliyeuawa saa kumi na mbili asubuhi na watu watano wanaosimuliwa mjini saa sita mchana kuna vita kamili. Tatu ni nyayo. Wafuatiliaji wa pande zote mbili hufuata njia ya mifugo pamoja, maana nyayo zikifuatwa na upande mmoja peke yake, upande wa pili utasema zimetengenezwa. Chapa kwenye ngozi ya ngamia humtambulisha mwenyewe kwa ukoo, kwa hiyo mnyama aliyeibwa ni vigumu kumficha mahali ambapo wazee wa huko wameamua asifichwe. Nne, mifugo hurudishwa kwanza. Diya, yaani fidia ya damu, huzungumzwa baadaye, hasira ikishapoa.

Kinachoharibu ni vitu vya kawaida kabisa. Gari halina mafuta. Mzee wa upande mmoja hayupo mjini na anapelekwa mbadala asiyejulikana. Askari wanatangulia, wanakamata watu wowote wa ukoo unaoshukiwa na kuchukua mifugo yoyote waliyoikuta, na kufikia jioni kosa la vijana watatu limekuwa kosa la ukoo mzima. Katika eneo linaloikumbuka Wagalla, adhabu ya pamoja kutoka kwa serikali inafuta miezi ya vikao. Ndiyo sababu ya kumweka afisa wa usalama ndani ya kikosi: awaone wazee wakifanya kazi, nao wamwone akingoja.

Kuingia serikalini

Mwanzoni maafisa wa serikali waliwatazama wapatanishi hawa kwa shaka. Sheria za wakati ule zilihitaji kibali kwa mikutano ya hadhara, hitaji lililoondolewa na mageuzi ya 1997, na watu wa koo zote kukaa pamoja Wajir kulihesabiwa kuwa jambo la usalama. Suluhisho likapatikana mwaka 1995: makundi ya amani yaliunganishwa na kuwekwa chini ya Kamati ya Maendeleo ya Wilaya, yakawa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, mwenyekiti wake Mkuu wa Wilaya.

Kamati ilipata kivuli cha sheria, redio za polisi na nafasi ya kuketi meza moja na wakuu wa idara. Jina lake lilibeba maana pia. Amani iliwekwa pamoja na maendeleo kwa sababu vyanzo vya ugomvi vilikuwa maji na malisho, na kikao kinachopanga kisima kipya kilikuwa hicho hicho kinachoweza kuzuia vita juu yake. Kisima cha mashine katikati ya ardhi isiyo na maji huvuta makundi ya koo tatu ndani ya mwezi mmoja. Malisho yanayokizunguka huisha, na wa kwanza kufika huanza kumzuia wa mwisho. Kabla ya mashine kuletwa lazima kujulikane nani atanywesha kiangazi, kwa zamu gani, nani anashika pesa za dizeli, na mgeni anaomba kwa nani. Silanga ya msimu, bwawa la kuchimbwa linalokusanya maji ya mvua, mara nyingi ni salama zaidi kuliko kisima cha kudumu, kwa sababu hukauka na kuwalazimisha watu kuhama kabla malisho hayajaisha kabisa. Wahandisi wengi hawapendi kusikia hivyo, lakini wafugaji wanalijua.

Gharama nayo ilikuwapo. Mwenyekiti akiwa Mkuu wa Wilaya, kamati huwa nzuri au mbaya kwa kadiri ya mtu huyo, naye huhamishwa. Serikali ilipoueneza mfano huu nchini, kwanza kupitia kamati ya taifa ya uongozi wa masuala ya amani iliyoundwa mwaka 2001, kisha kwa nguvu zaidi baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kamati ziliundwa kwa waraka kutoka juu. Umbo likanakiliwa: mwenyekiti, katibu, kiti cha mama, kiti cha kijana. Soko halikunakiliwa, wala mlango wa ukoo mdogo. Marupurupu ya vikao yakaingia, na kiti cha kamati kikawa kitu cha kugombewa na koo kama kiti kingine chochote. Mzee anayelipwa kwa kikao hana haraka ya kumaliza kikao. Hilo si tusi kwa wazee. Ni tatizo la namna ya kulipa, na lina dawa: lipa mafuta, chakula cha safari na simu, kwa tukio lililokimbiliwa, si kwa kuketi.

Diya: hesabu yake na deni lake

Oktoba 1998, huko Bagalla, zaidi ya watu 140 wa Degodia waliuawa na mifugo kwa maelfu ikachukuliwa, katika shambulio lililohusishwa na Waborana, wafugaji wa jirani, wakiwamo wapiganaji kutoka upande wa Ethiopia. Kamati ya Wajir haikuwa na la kufanya peke yake. Wazee wake walikuwa na mamlaka juu ya koo za Wajir tu. Aliyeshambulia hakuwa chini ya mapatano yoyote.

Agosti 2001, viongozi wa wilaya za kaskazini, Wajir, Garissa, Mandera na Isiolo miongoni mwake, walikutana Modogashe na kutoa tamko lililovuka mipaka ya wilaya. Liligusa malisho (anayetaka kuingia malisho ya wengine aombe wenyeji kwanza), silaha haramu, wizi wa mifugo, ujambazi na kazi ya kamati za amani. Likataja fidia pia: ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa, 50 kwa mwanamke.

Diya hufanya kazi kwa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, ngamia mmoja ana thamani ya shilingi 80,000. 100 ni shilingi milioni 8. Hakuna muuaji mwenye fedha hizo. Hulipwa na kundi lake la diya, yaani ndugu wa ukoo wanaolipiana fidia, na kundi likiwa na kaya 400, kila kaya itatoa shilingi 20,000. Nguvu yake iko hapo. Kaya 400 zilizouza mbuzi wao kumlipia kijana mmoja zitamtazama kijana huyo kwa jicho kali, na zitamzuia wa pili. Kundi likiwa dogo au maskini, mzigo huwa hauwezekani, malipo hukaa miaka bila kumalizika, na deni la damu lisilolipwa ni mwaliko wa kisasi. Kundi likiwa kubwa na lenye matajiri, fidia huwa nyepesi na muuaji haoni uchungu. Vifo vikiwa vingi pande zote, wazee huhesabu maiti kwa maiti na kulipana tofauti tu. Vita husimama, lakini familia ambayo maiti wake amefutwa katika hesabu hiyo haipati chochote.

Wanawake ndio walioachwa na deni lililotajwa awali. Thamani yao imeandikwa kuwa nusu. Mjane wa aliyeuawa hayupo pale fidia inapogawanywa, na mara nyingi sehemu yake hupungua njiani katika mikono ya wanaume wa ukoo. Kesi za ubakaji zikimalizwa na wazee, aliyedhulumiwa huwa hakuulizwa. Utaratibu uliozaliwa na akina mama wa sokoni ukaishia kwenye kanuni inayowapunguza. Wapo watetezi wanaosema kuligusa hilo ni kuibomoa amani. Sioni hivyo. Kuwaingiza wanawake kwenye kikao cha mgao wa fidia, na kumkabidhi mjane sehemu yake mkononi mbele ya mashahidi, hakubomoi sheria yoyote ya dini wala ya mila. Kunabadilisha desturi ya wanaume kupokea kwa niaba.

Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaitaka mahakama ihimize njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisivunje Sheria ya Haki (sura ya katiba inayolinda haki za kila mtu) wala kupingana na haki na maadili. Mstari huo bado haujakaa sawasawa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kumalizana kwa fidia kwa mila zao, na wanasheria hawajaacha kubishana juu yake. Kwa kamati, tahadhari ni moja: fidia na kesi ya jinai viende pamoja. Muuaji akabidhiwe kwa polisi na ukoo wake ulipe. Kikifanyika kimoja bila kingine, ama kijana anarudi nyumbani akicheka, ama wafiwa wanabaki na hukumu ya karatasi na hasira ile ile.

Ramani ya majimbo

Turudi kwenye kiti cha 1992. Kwa uchaguzi wa 1997 liliundwa jimbo la Wajir Kaskazini, ambako Ajuran ni wengi. Hilo lilipunguza joto kuliko kikao chochote cha wazee, na ni haki kulisema. Lakini lilifundisha pia somo baya: kwamba ukoo ukitaka usalama, dawa ni mpaka wake wenyewe. Mpaka mpya ukichorwa huacha upande wa pili watu wachache wa ukoo mwingine, nao hugeuka wageni kwenye kisima walichokunywa maisha yao yote.

Mwaka 2012 majimbo yaliongezwa tena, Tarbaj na Eldas yakaingia, na Wajir ikawa na viti 6. Mwaka uliofuata ukaja ugatuzi na kiti kipya kilichozidi vyote, cha gavana mwenye bajeti ya mabilioni. Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 2012 na 2014, Garre, ukoo wa upande wa Mandera, na Degodia walipigana kwenye mpaka wa Mandera na Wajir; makumi ya watu waliuawa na maelfu wakahama. Kamati za amani zilikuwapo pande zote mbili. Zilikimbia, zilizungumza, zilizika. Hazikuweza kumwamuru mgombea aache kusema kwamba kijiji fulani ni chetu, wala kubadilisha mstari uliochorwa Nairobi.

Wazee wamejaribu kuziba pengo hilo kwa maelewano ya kabla ya uchaguzi: ukoo huu uchukue gavana, ule seneta, ule mwingine naibu. Hupunguza risasi mwaka wa kura. Hata hivyo mara nyingi huwanyima nafasi wanawake, vijana na koo ndogo, kwa kuwa anayeketi kugawa ni mwakilishi wa ukoo mkubwa. Zile koo zilizoweza kuita kikao mwaka 1993 hazipati kiti katika meza hiyo, na zikishakasirishwa hazitakubali tena kuwa wasuluhishi. Hasara hiyo haionekani siku ya kura. Huonekana mwaka wa pili, bunduki zinapolia na hakuna mwenye mikono mitupu wa kuita watu.

Mapitio mapya ya mipaka ya majimbo, ambayo katiba inataka yafanyike kila baada ya miaka 8 hadi 12, yalipitisha muda wake mwaka 2024. Yatakapofanyika, kazi ya kamati za Wajir, Mandera na Garissa ni kupeleka mapema kwa tume ya uchaguzi na mipaka orodha ya visima, silanga na njia za kuhamia malisho zinazotumiwa na zaidi ya ukoo mmoja, na kudai kwamba kila kimoja kibaki cha pamoja upande wowote wa mstari kitakapoangukia. Orodha hiyo iandaliwe na wazee, wanawake na wachungaji wa koo zote kwa kutembelea mahali hapo, majina yaandikwe kama yanavyoitwa na kila ukoo, na itiwe saini kabla rasimu ya ramani haijachapishwa. Ikishachapishwa, kila kisima kitakuwa kimeshapata mwenyewe.